Gunia la Mchanga kwenye Kiti cha Mbele

Mtu wa kwanza kunifundisha kwamba kiboko huchukia kushtukizwa alikuwa Hamimu, fundi wa bodi za magari, ambaye gereji yake ilipakana na duka langu la vipuri hapa mtaani Buyenzi. Ukishuka mto Rusizi kwa kayaki, aliniambia, anayekaa mbele hugonga ubavu kwa kasia, ko, ko, ko. Viboko huinua vichwa, nawe ukajua pa kupita. Nilimcheka. Mwislamu wa Buyenzi na viboko wapi na wapi?

Lakini kabla ya vita ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho wa wiki. Kulikuwa na klabu ndogo ya wazungu na wakubwa wa ofisini. Jumamosi walitoka darajani, wakashuka mpaka pale mto unapoingia ziwani, wakapiga mahema mchangani. Jumapili walirudi kandokando ya ziwa hadi Kajaga. Hamimu aliziba nyufa za kayaki zao kwa faiba ileile ya kuzibia bampa, naye ndiye aliyewaongoza, katika kayaki nyekundu ya watu wawili. Yeye nyuma, akiielekeza. Mbele alikaa Astère wa mtaa wa Kamenge, Mkatoliki mwenye mdomo usiofungwa, ndiye wa kugonga. Walibishana mpira kutoka darajani hadi ziwani. Nasema kweli, nilikuwa nawaonea wivu.

Vita vilipokuja, klabu ikafa. Mwenye kayaki, patron wa klabu, alizifungia gerejini kwa Hamimu, akamwambia asimpe mtu. Hamimu akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi, kama hirizi.

Juni 1995, jeshi likiwa limeizingira Kamenge, Astère alifika asubuhi kandambili zimekatika miguuni.

"Baba Mwavita, nipe ile nyekundu, na moja ingine. Tupite mu ziwa mpaka Uvira, ng'ambo. Mi, muke wangu, na batoto babili."

"Si zangu, ndugu yangu," Hamimu akamjibu. "Patron alikataza. Ngoja Jumamosi, nitamuuliza."

Jumamosi! Katika mji ambao hakuna aliyejua kama ataiona Alhamisi. Astère aliutazama ule ufunguo, akamtazama rafiki yake, akaondoka.

Miezi miwili baadaye patron alipanda ndege kwenda kwao. Aliagana na Hamimu kwa mkono, akasema, "Hizo kayaki fanya utakavyo." Basi kitu alichomnyima rafiki kikawa chake. Nyingine aliziuza. Nyekundu aliitundika darini. Mkewe Mwanasiti alipomchukua binti yao Mwavita wakakimbilia Kigoma, Hamimu alibaki. Alisema hawezi kuiacha kayaki. Mimi najua alikuwa anamngoja Astère aje kuichukua.

Jumamosi ambazo risasi zilikuwa zimetulia, aliipeleka ziwani kwa mkokoteni. Ila kayaki ya wawili ikipandwa na mmoja hunyanyua pua, na upepo huizungusha. Kwa hiyo alijaza gunia mchanga, akalifunga kwenye kiti cha mbele. Miaka kumi alipiga makasia nyuma ya gunia. "Mwenzako hajambo leo?" nilikuwa namtania. Hakuwahi kucheka, nami sikuwa na akili ya kunyamaza.

Mwisho wa 2004 mke wa Astère, Léoncie, akarudi kutoka Uvira. Alikuja gerejini na chupa ya mawese ya zawadi, na mimi nilikuwapo. Hamimu akamwamkia kama zamani: "Mama Orlane, karibu." Uso wa yule mama ukabadilika. Alitueleza akiwa amesimama. Walivuka Rusizi kwa miguu wakishika kamba, na Orlane, wa miaka minne, alichukuliwa na maji. Kijana wao Bonfils alipona. Astère alikufa mwaka uliofuata, kwa kipindupindu.

"Siku ile alisema alikuta gereji imefungwa," akamwambia Hamimu. "Iliko inamuuma sana, kwenda bila kukuaga."

Alipoondoka, Hamimu alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya sanduku la breki. "Massoudi, kwa nini Astère alinifichia aibu yangu?"

"Kwa sababu alikupenda," nikamwambia. "Nawe fanya hivyohivyo. Funika kombe mwanaharamu apite." Nilijiona nina hekima kweli.

Agosti 2005, baada ya uchaguzi, watu wanne, wanaume na wanawake, wa shirika moja la matibabu walitaka kushuka mto mwisho wa wiki. Walikuwa na kayaki zao, wakatafuta kiongozi, wakaelekezwa kwa Hamimu. Walihitaji pia mpishi. Hamimu akamtaja Léoncie. Mimi nikakodiwa pamoja na pikapu yangu kubeba masufuria na mahema.

Pale darajani nilimwambia Léoncie apande gari. Akakataa. "Nataka niikale mu kiti ya Astère, hata siku moja." Hamimu akafungua gunia, akamwaga mchanga ukingoni, taratibu, kana kwamba anamwaga chakula cha mtu.

Walipofika kambini jioni, wageni walikuwa wakicheka na kujisifu viboko waliowaona. Hamimu alinivuta pembeni. "Anagonga kama yeye," akasema. "Tatu, kisha ananyamaza. Njia nzima nilikuwa natazama mgongo wake." Macho yake yalikuwa mekundu. Tulikula ugali na samaki wa mukeke, naye hakumaliza hata kipande.

Jumapili alfajiri aliswali, kisha akaenda kwenye moto ambapo Léoncie alikuwa akimimina chai. Mimi nilikuwa nafunga turubai, hatua nne tu.

"Mama Orlane, siku ile gereji haikukuwa imefungwa. Mi nilikuwako. Astère aliniomba kayaki, na ufunguo iliko hapa." Akajigusa kifuani. "Nilimunyima."

Chai iliendelea kumiminika mpaka kikombe kikafurika. Léoncie aliweka birika chini. Hakulia, hakumtukana. Aliuliza swali moja tu: "Ile nyekundu?"

"Ile nyekundu."

Akaenda kwenye kayaki, akalitoa gunia tupu lililokunjwa chini ya kiti. Akapiga magoti mchangani, akaanza kulijaza kwa viganja. Hamimu alitaka kumsaidia, Léoncie akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Lilipojaa alilikokota mwenyewe, akaliketisha kwenye kiti cha mbele, akalifunga kwa kamba, akalitikisa kuona kama limekaza.

"Sitaki uzame, Baba Mwavita," akasema. "Lakini mi sitaikala tena mbele yako."

Akapanda pikapu. Niliwasha gari kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Wageni waliingia majini wakiitana. Hamimu akasukuma kayaki, akakaa nyuma ya gunia, na kabla ya kupiga kasia la kwanza akajinyoosha juu ya gunia, akagonga ubavu wa mbele mara tatu.

Léoncie aliisikia ile ko, ko, ko. Alipandisha kioo cha dirisha, nasi tukaenda.