Bunduki ya Baba Ilivyonirudia Karakanani

Nilitupa bunduki dampo asubuhi. Kabla ya saa sita mchana ikawa imerudi mlangoni kwangu.

Msicheke bado.

Marehemu baba alikuwa mlinzi wa shamba. Alituachia redio, kitanda na bunduki mbovu ya mtutu mmoja. Kitako kimepasuka, na kutu imeigandisha hata haifunguki. Miaka yote ilikaa juu ya kabati la mama, mpaka wajukuu walipojua kupanda kabati.

Mama akaniita.

"Mwanangu, wapigie simu polisi waje waichukue."

"Polisi wa nini, mama? Mimi fundi wa kuchomelea, nishindwe na chuma kibovu?"

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiona niko kituoni, mkanda umevuliwa, naulizwa silaha nimeitoa wapi. Lakini mbele ya mama nikajikaza kisabuni.

Nikaitia kwenye gunia, nikaipeleka dampo, nikarudi karakanani napiga mluzi.

Saa tano na nusu akaja muokota chupa, gunia begani.

"Fundi, leo nimekuokotea chuma, we acha tu!"

Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angelikumbuka. Vyuma vyote vya dampo lile huletwa kwangu. Tangazo nililibandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na namba ya simu juu.

"Ila kama bunduki vile," akasema, akiichungulia.

"Bunduki wapi! Bomba la trekta hilo."

Akaondoka ananiangalia.

Nikaamua kumaliza mchezo. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaigonga nyundo ifunguke. Ikagoma. Nikagonga tena, safari hii nimeegemeza kifua kwenye mdomo wa mtutu ili nipate nguvu. Fundi huyo, miaka kumi na tisa kazini.

Nikavaa miwani, nikawasha gesi niikate vipande.

"Zima moto!"

Askari wawili mlangoni. Nyuma yao mama, anahema, viatu kavishika mkononi.

Nikainua mikono juu.

"Afande, ni ya baba! Mimi sijui chochote!"

Nikamsukumia kesi marehemu, Mungu anisamehe.

Askari mtu mzima akafunga gesi. Alitutoa nje wote, akaelekeza mtutu kwenye rundo la mchanga, akahangaika nayo taratibu mpaka ikafunguka.

Kikadondoka kitu.

Risasi. Nzima kabisa.

"Ungeipiga moto hii," akasema kwa upole, "gunia lingerudi kukubeba wewe."

Nikakaa chini. Nililia, sioni aibu kusema, miwani ikiwa bado usoni.

Mama alikuwa amewapigia simu mara tu nilipotoka na gunia.

"Mama, ndiyo umeniitia polisi?"

"Sikuwaita wakukamate," akasema, akivaa viatu vyake. "Niliwaita wakuwahi."

Waliandika maelezo, nikasaini, wakaondoka nayo. Dakika kumi na tano tu, na mkanda wangu kiunoni.

Jamani, bunduki mbovu usiitupe, usiizike, usiikate, wala usiibebe mwenyewe kuipeleka kituoni. Iache ilipo, watoe watoto, piga simu.

Mimi siku hizi nikitaka kukata chuma nisichokijua, mama lazima aje akione kwanza. Wateja wananicheka. Nawaacha wacheke, nami nasubiri mama afike.