Gunia la Edina lililokuja bila nyongeza

Saa kumi na mbili asubuhi, Edina Chale amepiga magoti kwenye mchanga wa Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ananusa gunia la usipa mkavu, dagaa wa ziwa hilo, kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Halinuki vibaya. Uso anaukunja hata hivyo.

"Nani kashona mdomo huu?"

"Shikamoo kwanza, mama," anajibu Zabron, mwenye boti aliyeuleta mzigo kutoka Msumbiji.

"Marahaba. Salamu haishoni gunia."

Kwa miaka saba Edina, mjane wa miaka 58, amekuwa akibadilishana mzigo na Felizarda, mchuuzi wa ng'ambo ya mpaka. Maharage ya Mbinga yanakwenda, usipa unakuja. Hawana mkataba wala mhuri. Wana nyongeza: juu ya kila gunia Felizarda hufunga kiganja cha usipa katika kipande cha kitenge, kwa ajili ya wajukuu wa Edina. Naye Edina hukirudisha kitambaa kilekile, ndani yake kiganja cha maharage.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 2024, uchaguzi wa Msumbiji ukazaa ghasia. Safari mbili za kila mwezi zikawa moja kwa miezi miwili. Simu ya Felizarda ikanyamaza. Leo yamekuja magunia matatu, yameshonwa kwa uzi wa plastiki badala ya katani, na juu hayana kitu.

"Njiani wanapekua, mama. Chochote kinachoning'inia wanang'oa," anasema Zabron.

"Felizarda ulimwona kwa macho yako?"

Zabron anaikagua kamba ya boti. "Nilipokea kwa shemeji yake."

"Shemeji. Miaka saba yote sijawahi kusikia shemeji."

Nyuma ya Edina yamepangwa magunia sita ya maharage, mtaji wake wote. Akiyapakia na Felizarda hayupo, biashara imekufa. Akiyazuia na Felizarda yupo, amemtupa mwenzake wakati wa shida.

"Usiku nageuka upande huu, namwonea huruma," anasema. "Nageuka upande wa pili, namshuku."

Anakata uzi, anazamisha mkono mpaka kwapani. Chini kabisa unagusa kifundo. Kitenge ni kilekile cha Felizarda, chenye ndege wa njano, na usipa umo.

Zabron anashusha pumzi. "Si umeona, mama?"

"Nimeona kitambaa. Kitambaa hata mwizi anakibeba."

Lakini anakichana katikati. Nusu moja anafungia maharage, anaisukuma chini kabisa ya gunia moja, na ni hilo moja tu linalopanda botini. Matano yanabaki. Nusu ya pili anaichomeka kiunoni.

"Hii nitaipeleka mwenyewe, njia ikitulia," anasema. "Nikimkuta, nitamwomba radhi kwa haya matano. Nisipomkuta, shemeji atanieleza. Na wewe Zabron, siku hiyo botini utakaa mbele yangu, nikuone."