Upande Wangu wa Sahani

Kazi yangu ni kuandika juu ya chakula cha wajawazito. Sina ofisi wala bosi wa kudumu. Leo naandikia redio, kesho watu wa mbali ambao hawajawahi kuonja lenga-lenga, mchicha wetu. Wanataka madini ya chuma, wanataka vitamini, kidonge hiki asubuhi, kile jioni. Nami nawapa. Umeme ukiwepo hapa Kimanga naandika mbio mbio, ukikatika nalaani, kisha naendelea kwa kalamu.

Mwaka mmoja mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili. Alikuja kukaa kwangu kwa sababu mume wake analima Nyakabere, na kutoka huko mpaka hospitali ni mbali. Kwenye kituo cha afya walimpima wakasema damu yake ni kidogo mno. Isipopanda kabla ya uchungu, anaweza kututoka mikononi. Niliogopa sana. Nikajiambia: haya mwandishi, onyesha basi unachojua!

Nilipika ndagala, hao dagaa wetu, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na maini siku za soko. Kidonge cha damu nilimpa mwenyewe, nikasimama mpaka ameze. Wapi! Kila alipopimwa damu ilikuwa palepale. Nilikasirikia vidonge, nikakasirikia maini, mpaka makala zangu mwenyewe nikaziona za uongo.

Kwetu wanawake wa nyumba moja wanakula sahani moja. Ukimtengea mwenzako chakula chake peke yake, atajiuliza amekukosea nini. Kwa hiyo tulikula pamoja, huku tukipiga soga. Siku moja jino liliniuma, nikawa natafuna polepole, na ndipo nikatazama mkono wake. Alimega bugali kadiri ya punje ya karanga. Samaki wa siku ile alimtoa miiba vizuri, halafu akamsukuma upande wangu. Akamega punje nyingine, akasukuma tena.

"Weye!" nilisema. "Kila siku iko hivi?"

Akacheka kidogo, akaniita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. "Kula, yaya. Weye ndiye uko na kazi."

"Usinichezee! Minye naandika tu, weye uko unajenga mutu!"

Kicheko kikamtoka usoni, machozi yakaja. "Niko naogopa mutoto anenepe. Ule wa kwanza walinipasua. Mama mukwe alisema nilikula sana, ndiyo mutoto akashindwa kupita. Huyu lazima atoke mudogo. Sitaki kisu tena, yaya. Mara hii sitaamka."

Nilitaka kugomba, na mdomo ninao. Badala yake nilimrudisha samaki upande wake. Wasomaji huniuliza maswali ya kila aina, lakini hilo halijawahi kunifikia.

Asubuhi nilimpeleka kwa mkunga aliyekuwa zamu siku alipopasuliwa, mama wa makamo anayemwita kila mtu binti yangu. Mdogo wangu alimuuliza kwa sauti ndogo kama mtoto wake wa kwanza alikuwa mnene kupita kiasi.

"Nani amekudanganya?" mkunga alishangaa. "Mutoto wako alikuwa amekingama tumboni, mkono mbele. Hata angekuwa mudogo namna gani asingepita. Hawakukuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia."

"Aah! Na huyu amekaa vizuri, kichwa chini." Aligusa tumbo tena, akakunja uso. "Lakini mbona hakui?"

Mdogo wangu aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake.

"Basi nimemunyima bure," alisema.

Mkunga alimshika bega, akamwambia wakati bado upo, ale.

Tulirudi kwa miguu kupitia mtaa wa Mulongwe. Mke wa mtu kwetu haonekani akila njiani. Atasemwa yeye, atasemwa mama yake aliyemlea. Penye mama muuza samaki wa kukaanga mdogo wangu alisimama, akanunua mkubwa kuliko wote, akaanza kumla palepale, kwa mikono yote miwili, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Watu walipita wakigeuka. Nilimvuta kikwembe alichojifunga.

"Twende nyumbani, watu wanaona."

"Waone," alisema huku akilia, akamega kipande kingine.