Kaburi Lisilo na Saruji

Baba yangu alizikwa zizini. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa Bariadi nikiwaambia hunitazama kama nimemtukana mzazi wangu. Sijamtukana. Kwetu, mwenye mji akifa, yule ambaye ng'ombe ni wake, huzikwa ndani ya zizi karibu na mlango, amefungwa katika ngozi ya dume aliyechinjwa kwa ajili yake. Jioni ng'ombe wakirudi wanapita juu yake. Asubuhi wakitoka wanapita tena. Masika yakiisha kaburi limekwisha kuwa sawa na ardhi, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kaburi la mwenye ng'ombe likibaki limetuna, watu huulizana: kwani huyu aliacha nini?

Tulikuwa Wakatoliki, basi katekista alikuja akasali na kusimamisha msalaba wa mti. Ng'ombe jike mmoja mwenye pembe zilizopinda alijikuna kwenye msalaba ule mpaka ukalala. Katekista akaleta mwingine. Nao ukalala. Wa tatu hakuuleta. Alimwambia mama, "Mungu anajua alipo." Mama akajibu, "Na ng'ombe wanajua."

Mji wetu, yaani nyumba zetu na zizi, ulikuwa kwenye mteremko kati ya soko na mto. Babu alipojenga pale hapakuwa na soko, soko lilitufuata. Mto wenyewe si wa maji mwaka mzima. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, na sisi wanawake tulichimba visima mchangani, tukakaa pembeni tukingoja maji yajikusanye, tukisemana na kuchekana. Ng'ombe walikunywa upande wa chini, sisi tulichota upande wa juu. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo kwa maandishi, na hakuna aliyekosea.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kufanya biashara. Kabla ya hapo pamba tuliuza ushirika tu, tukangoja malipo hadi tukasahau kama tulilima. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na malori yao. Sitasema uongo: nilifurahi. Nilinunua gauni la mitumba zuri kuliko lolote nililopata kuvaa. Maduka yaliongezeka, gesti zikajengwa karibu na stendi, sabuni haikuadimika tena. Mtu asinisome hapa akadhani nililia kwa sababu mji ulikua. Mji na ukue. Nililia kwa sababu nyingine.

Mmoja wa wanunuzi hao, ambaye ghala lake lilikuwa nyuma ya soko, alitaka eneo la kando ya mto ajenge nyumba ya wageni na bustani ya kupumzikia. Tuliitwa mkutanoni. Alisimama na miwani yake ya jua, akasema Bariadi nayo inastahili kuwa na ufukwe.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mchanga tunao, baba. Wewe utaleta maji?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Yule mnunuzi naye alicheka, akasema, "Mzee, nitaleta bia kwanza." Wakacheka zaidi. Ndivyo tulivyoondolewa kwenye ardhi yetu: tukicheka.

Tuliambiwa nyumba zitalipwa, na makaburi yatahamishwa kwa heshima kabla ya kazi kuanza. Neno lile la makaburi ndilo tulilolishika mimi na mama. Kaka yangu alikuwa na eneo Ngulyati, ambako ng'ombe wetu wangehamia, na mama alisema, "Ng'ombe wakienda, na mwenyewe aende nao." Hakuomba kitu kingine. Nyumba hata hakuiulizia.

Lakini watu wakishasikia kwamba kaburi linahesabika kwenye malipo, wanafanya yao. Katika mteremko wetu makaburi ya saruji yaliota kama uyoga. Jirani yetu alimjengea shangazi yake kaburi zuri, lenye msalaba na maua ya plastiki, na shangazi mwenyewe alikuwa Migato anauza karanga, mzima wa afya. Siku moja akaja sokoni na kapu lake. Wanawake wakapanga mstari kumsalimia.

"Mwangaluka, marehemu!"

"Mwangaluka," akaitikia. "Huko mliko mnauza chumvi? Kwetu ahera imekwisha."

Nilicheka na mimi. Wakati ule bado ilikuwa ni kichekesho.

Mtu wa vipimo alikuja asubuhi na vijana wake wakichimbia bikoni. Alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama. Alitembea akitia alama kwenye kila kaburi aliloliona, hata la shangazi muuza karanga. Alipofika kwetu ng'ombe walikuwa wamekwisha kutoka. Aliingia zizini akiangalia asikanyage samadi.

"Mama, nimeambiwa hapa kuna kaburi."

"Lipo."

"Nionyeshe."

"Umesimama juu yake, mwanangu."

Aliangalia chini. Akanyanyua mguu mmoja, akaangalia unyayo wa kiatu, kana kwamba baba angekuwa amenata pale. Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka, nampa haki yake. Alisema, "Mama, hapa naona samadi. Nitaandikaje kaburi mahali ninapoona samadi?"

Mama akamweleza. Mlango huu, kichwa upande ule, ngozi ya dume jeusi, chimbeni mtaikuta. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mama, wote hapa wananionyesha makaburi. Mengine saruji bado mbichi. Nikiandika la kwako ambalo halionekani kabisa, ofisini watasema nimehongwa." Akaondoka bila kutia alama.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na hasira yangu haijapoa. Uongo wa saruji uliandikwa. Kweli haikuandikwa, kwa sababu ilikuwa imetunzwa vizuri mno. Kama tungemdharau baba, kama tungewaacha ng'ombe wafe na kaburi lake likatuna na kuota majani, wangeliona.

Jioni ile kaka alirudi na mfuko wa saruji kwenye baiskeli.

"Mayu, tuweke tu. Jiwe dogo. Si uongo, yumo kweli."

Mama alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Unataka kumziba baba yako asiwasikie ng'ombe?"

"Ni kwa siku chache tu, hadi wamhamishe."

"Aliyelala chini ya ng'ombe halali chini ya jiwe. Peleka huo mfuko ulikoutoa."

Kaka akanitazama mimi nimsaidie. Niliona kaka ana akili na mama ana haki, na nilikuwa sijui kwamba siku ile ilitupasa kuchagua kimoja.

Badala yake tulikwenda ofisini, mama na mimi, tukakaa kwenye benchi. Mkubwa mmoja wa pale akatuhurumia. Alikuwa mtu wa kwetu, alijua habari ya mazizi. Babu yake mwenyewe alizikwa hivyo. Akatuahidi kwa mdomo wake kwamba kazi haitaanza upande wetu mpaka tumtoe mzee wetu. "Nendeni mkaandae shimo," alisema. Mama alimpigia magoti, akamshukuru, wabeja, wabeja sana, hadi nikaona aibu.

Tukaenda Ngulyati. Kaka na ndugu walijenga zizi jipya la miiba, wakachimba shimo karibu na mlango. Mama alikoroga uji wa wachimbaji mwenyewe. Alikuwa mchangamfu, alizungumza kuhusu baba kama mtu aliyesafiri na yuko njiani kurudi. Dume jeusi la kumfunga upya lilikwisha kutengwa na wenzake.

Tuliporudi Bariadi kumchukua, greda lilikuwa limepita. Zizi halikuwepo. Minyaa ya ua wetu haikuwepo. Mteremko wote ulikuwa umesukumwa kuelekea mtoni ukawa tambarare, na lori lilikuwa linamwaga kokoto. Mama alitembea juu ya kokoto zile akitafuta mlango wa zizi. Alipima kwa macho kutoka kona ya soko, halafu kutoka pale watu wanapovukia mto, akarudi nyuma, akaanza tena. Dereva wa lori akapiga honi.

"Mama, toka hapo, utaumia!"

"Umetoa wapi ruhusa ya kuanza?" nilimuuliza.

"Mimi naambiwa mwaga, namwaga."

Yule mkubwa wa ofisini tulimkuta kwenye meza ile ile. Alisema hata yeye hakuambiwa. Alisema pole. Makaburi yaliyotiwa alama yote yalikuwa yamehamishwa kwa heshima, na padri aliitwa. La shangazi wa Migato lilichimbwa, likakutwa tupu, na bado walihamisha saruji.

Shimo la Ngulyati lilikaa wazi. Mama hakuruhusu lifukiwe. Mvua zikalifukia zenyewe, pole pole.

Ile bustani ikajengwa. Viti vya plastiki, taa za rangi, jiko la nyama choma. Malori yalichota mchanga wa mto kwa ajili ya majengo mengine ya mjini, na pale tulipochimba visima pakabaki mashimo makubwa yenye maji ya kijani. Watu walikaa wakiyatazama wakinywa bia. Kwa vipimo vya mama, mlango wa zizi ulikuwa pale penye jiko. Walikuwa wanachoma nyama ya ng'ombe juu ya mwenye ng'ombe.

Siku moja mchana nilikuwa sokoni nikasikia kelele upande wa mto. Nikaenda. Mama alikuwa anaswaga ng'ombe wetu kati ya viti. Amewatembeza kutoka Ngulyati, fimbo begani, kanga kichwani. Wateja walikuwa wamesimama na chupa zao mikononi. Kiti kimoja kilikuwa kimevunjika.

Mwenye bustani alitoka mbio. "Bibi! Bibi! Hapa si malisho!"

"Hawali," mama alisema. "Wanapita tu."

"Wanapita kwenda wapi?"

"Nyumbani kwao."

Aliwapitisha kando ya jiko mpaka wa mwisho, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na jua bado lipo. Mlevi mmoja akapiga makofi. Mchoma nyama alivua kofia yake. Sijui alijua nini, lakini aliivua. Kisha mama akawageuza, wakaondoka kwa barabara ya lami. Baadaye ilikatazwa kuingiza mifugo katikati ya mji, na hakurudia.

Mama alikufa wakati Bariadi imekwisha kuwa makao ya mkoa, na bikoni zimeanza kuonekana hata njia ya kwenda Ngulyati. Siku zake za mwisho aliniita, akasema wamzike kando ya nyumba na wamwekee saruji. Nilidhani sikusikia vizuri. "Saruji," alisema. "Nene. Na majina myaandike makubwa. Langu na la baba yako."

"Lakini baba hayumo, mayu."

"Wale wa vipimo wanajua kusoma. Kuona hawajui."

Tukafanya alivyosema. Fundi aliuliza kama kweli ndani wamo wawili, nikamwambia yumo mmoja. Akaandika majina mawili. Basi na sisi sasa tuna kaburi la uongo, nusu yake, kama la shangazi wa Migato. Nimelifagia leo asubuhi. Ng'ombe wa kaka walikuwa wanatoka. Walipofika kwenye saruji wakagawanyika, wakalizunguka huku na huku, hakuna hata mmoja aliyelikanyaga.