Nilimtangaza mgeni wetu kwenye grupu badala ya kumtembeza

Wakuu, poleni na shughuli. Miaka miwili nasoma nyuzi zenu kimya, leo nimefungua wa kwangu. Nitasema kama nilivyoandika kwenye daftari langu, hata pale ninapoonekana mbaya.

Niko Kindu, Maniema, upande wa Kasuku. Msichana, miaka kumi na saba, nasoma sekondari. Kiswahili cha huku kina mambo yake, mtanivumilia.

Kwanza mjue nina haya. Haya ya kweli. Mwalimu akinisimamisha, jibu ninalo ila sauti haitoki.

Kwenye simu ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana Papa Salumu, chef wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa, alinipa u-admin wa grupu la avenue. Msiba, usafi, mbuzi aliyepotea, natangaza mimi. Zamani alikuwa anazunguka na filimbi. Siku hizi filimbi imetundikwa ukutani.

Sasa.

Hii vita ya mashariki imetuletea watu wengi. Mmoja alifikia kwetu: Papa Bahati, fundi wa nguo, amepita Punia, siku nyingi, miguu na pikipiki. Aliokoa kitu kimoja tu, kichwa cha cherehani. Alikifunga ndani ya koti la mvua la kijani akakibeba mgongoni kama mtoto.

Hapa kwetu mgeni wa kukaa anatembezwa. Mwenyeji anakwenda naye mlango kwa mlango, kila nyumba inampa mkono. Ukishashika mkono wa mtu, kesho huwezi kusema humjui.

Bibi yangu, ninayeishi naye, tunamwita koko. Wakati wa vita ya zamani, sijazaliwa, alikimbilia Lokandu. Mama mmoja muuza samaki akamtembeza nyumba zote za kando ya mto. Siku chache baadaye askari wakaja kuuliza wageni ni nani. Watu wakajibu: "Hapa hakuna mugeni. Huyu njo dada yetu."

Koko yuko hai kwa sababu ya mikono ile. Nimesikia habari hii tangu utoto.

Na bado.

Mguu wa koko ulikuwa umevimba. Akaniambia, "Mama," (nina jina la mama yake) "umutembeze Papa Bahati. Nyumba kumi na mbili tu."

Hodi kumi na mbili! Nikachukua simu.

Nikamsimamisha mbele ya pazia letu la maua mekundu, mzigo wake mgongoni, nikapiga picha. Nikaandika: "Mgeni wetu Papa Bahati, ametoka mashariki. Mumkaribishe." Muda mfupi tu, madole gumba yakajaa. Papa Salumu aliweka na maua.

"Nimemaliza, koko."

"Mbio hivi?"

"Wote wamemuona."

Sikudanganya. Na nilidanganya.

Siku ya tatu, mchana, picha ile ikanirudia kwenye grupu la wanafunzi. Maneno yangu hayapo. Badala yake ujumbe wa sauti, vokali ya kijana nisiyemjua: "Bandugu, muangalie huyu mutu. Anatoka kwa adui. Mu ile koti iko redio ya kuwaita. Iko hapa Kasuku. Mutume mbali!"

Nikaandika kila mahali: ni cherehani, ni mgeni wetu. Ujumbe wangu unafunikwa na wa wengine. Mmoja akaniuliza, "Wewe njo nani? Mbona unamutetea?" Nikaanza kumwandikia aya ndefu. Mega za intaneti zikaisha.

Ndipo nikasikia pikipiki, vijana wakashuka mbele ya baraza letu.

Papa Bahati alikuwa barazani anageuza kola iliyochakaa ya shati langu la shule. Cherehani iko mezani, wazi. Koti limetundikwa kwenye msumari.

"Redio iko wapi?"

"Redio gani, watoto wangu? Hii ni mashini ya kushona."

Wakalipekua koti. Tupu. Hapo mimi nikapumua, nikajua yamekwisha.

"Ameshaificha!"

Koko akatoka na fimbo. "Nani aliwaambia huyu ni mupelelezi?"

"Tulimuona ku telefone, koko."

"Na mimi munaniona wapi? Niko hapa mbele yenu!"

Wengine wakacheka. Mmoja alikuwa anarekodi.

Papa Salumu akafika. Wakamuuliza, "Chef, huyu mutu unamujua?"

Akamtazama Papa Bahati. Akatutazama sisi.

"Nilimuona ku picha tu."

Alisema kweli, wakuu. Milango mingine kumi na moja ilikuwa imefunguka kiasi cha simu kuchungulia.

Mimi nilisimama mlangoni mdomo wazi. Hakikutoka kitu.

Walimpiga. Mengine sitaeleza. Cherehani waliivunja kwenye saruji, mkono wake wa kulia wakaukanyaga hadi vidole viwili vikapinda.

Kesho yake asubuhi alivuka Lualaba kwa mtumbwi. Shati aliniachia limekunjwa vizuri, kola imegeuzwa nusu.

Koko hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimupeleka nyumba ngapi?"

"Hata moja."

Tangu siku ile haniiti Mama. Ananiita kwa jina la shule.

Juma lililofuata nilizunguka nyumba zote kumi na mbili, peke yangu, kusema picha ile niliiweka mimi. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Imetoka sasa, haina kazi. Nyumba ya saba, mama wa pale akanionyesha simu yake: picha imerudi tena, safari hii wanasema mpelelezi yuko ng'ambo ya mto, watu wamtafute.

Kwangu nilishaifuta. Huko inatembea, na pazia la koko liko nyuma yake.

Nilichojifunza: dole gumba si mkono. Grupu linaweza kumjua mtu bila hata mmoja kumjua.

Nisemeni mnavyotaka, nitasoma yote. Ila ikikufikia picha ya mtu mwenye mzigo wa kijani mbele ya maua mekundu, usiitume. Ni fundi wa nguo. Na ukimuona mwenyewe, vidole viwili vimepinda, mshike ule mkono mwingine, umpeleke kwa majirani zako.