Makaa ya Baba Nestory

"Mama Nestory, hivi nyie mnapikia nini? Mbona makaa ya kwenu yanatembea?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mwaija asubuhi moja, amesimama chini ya ngazi zetu, kaa kang'ang'ania njiti za ufagio wake. Alimkuta nyuma ya ndoo zake za maji. Mwaija ni mtu wa utani, ila siku ile sikuwa na nguvu hata ya kucheka. Nilishuka na sufuria, nikampokea yule mdudu.

"Nisamehe, jirani. Ni wa mzee."

"Wa mzee? Kwani amepona?"

"Hajapona. Ana wageni tu."

"Basi mwambie mgeni mwingine akija kwangu, nampikia pilau."

Mzee ni mume wangu, Malimi. Kazi yake ni fundi mawe. Hapa Kiseke tunakaa juu ya miamba, na misingi ya nyumba nyingi unazoziona imepita mikononi mwake. Alikuwa akiugonga mwamba kwa nyundo huku ameinamisha sikio, anakwambia utapasukia wapi, na kweli unapasukia hapo. Nyumba yetu aliijenga juu kuliko za wenzetu. Mlangoni akaweka ngazi za mawe, nyembamba, zimesimama wima, akazipiga niru, ile saruji laini ya mwisho, mpaka zikang'aa kama sahani. Mafundi wenzake walikuwa wakipita kuzitazama. Mvua ikinyesha tunazishuka kwa kushika ukuta, lakini ni nani angemwambia?

Halafu kiharusi kikampata. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Siku tuliyotoka hospitali, vijana wa mtaani walimbeba kwenye kiti kumpandisha. Mmoja akateleza, kiti kikainama, nikapiga kelele nikidhani namzika siku ile ile. Walimfikisha salama, ila tangu hapo alisema hashuki tena. Kanisani haendi, uani hatoki. Wanajumuiya wakawa wanakuja kusali kwetu, naye anawaitikia akiwa kitandani, uso ukutani.

Mwanetu Nestory, anayeishi Usagara, alikuja na mfuko wa saruji. Alitaka kubomoa zile ngazi aweke mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu. Baba yake ulimi ulikuwa bado mzito, lakini maneno haya yalitoka yamenyooka: "Mteremko ni wa kupandishia ng'ombe kwenye lori."

Nestory akauacha mfuko stoo, akarudi kwake.

Nikabaki naye. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji, kufua mashuka, na kesho yake tena. Jioni nikipiga magoti nilikuwa nasinzia katikati ya Baba Yetu. Nikishtuka sijui nilifikia wapi, naanza upya. Nadhani Mungu alikuwa ananimalizia yaliyobaki.

Kilichoniumiza si kazi. Ni kwamba yule mtu alikuwa anajifunga ndani, na mimi nikifungwa pamoja naye.

Siku moja ya mvua akasema, "Makaa."

Nikajua anasikia baridi. Nikawasha jiko, nikalisogeza karibu na kitanda. Akatikisa kichwa.

"Makaa. Ya mtoni."

Ndipo nikaelewa. Sisi Wasukuma, kaa wakishakuwa wengi ulimi wetu unawaongezea ma, wanakuwa makaa. Kumbe alipokuwa mtoto anachunga ng'ombe, alikuwa akiwafuga kwenye chungu kibovu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia.

"Unawatakia nini, Baba Nestory?"

"Nataka nione kitu kinatembea."

Nilitoka nikaenda kulilia jikoni. Kisha nikamtafuta Revocatus, anayechota mchanga ufukweni, akatuletea kaa wawili aliowatoa chini ya mawe, pale kijito kinapoingia ziwani.

Sasa ikabidi wajengewe, na fundi akaamka. Kwa mara ya kwanza alitaka awekewe mto mgongoni akae. Akanituma nilete nusu pipa la plastiki alilokuwa akilowekea matofali.

"Hao si samaki," akasema. "Wanataka maji, wanataka na nchi kavu."

Nikajaza udongo wenye unyevu upande mmoja, na mawe ya kujifichia. Upande wa pili nikatia maji ya ziwa, maana ya bomba yana dawa. Katikati akataka ukuta wa mawe, umenyooka. Alinielekeza jiwe moja moja. Nikiliweka vibaya anafoka, na mimi nafurahi kufokewa. Ukuta ulipokwisha akasema, "Piga niru."

"Jamani, kaa anataka niru ya nini?"

"Mimi sijengi kazi chafu."

Basi nikaufungua mfuko wa Nestory. Nikapiga niru kwa mwiko wake, ikakauka, nikaiosha na kumwaga maji, nikarudia mpaka harufu ya saruji ikaisha.

Yule wa Mwaija alitoroka kwa sababu hatukufunika. Udongo nilikuwa nimeurundika hadi ukingoni, akapita tu. Nikafunika kwa wavu wa banda la kuku, nikaweka jiwe juu. Nikasema sasa nitapumzika.

Siku chache baadaye kaa mmoja alidumbukia majini. Tulikuwa tunamsikia anakwaruza ukuta, kwaru, kwaru. Mume wangu akawa anatabasamu. "Anacheza," akasema. Nami nikafua mashuka yangu nikisikiliza. Kesho yake maji yalikuwa yameanza kunuka, na kaa amelala chini, magando yamelegea. Nilimtoa na kijiko. Alikuwa amekufa.

Nikabadilisha maji. Haikupita muda, yule wa pili naye akatumbukia. Kwaru, kwaru. Anapanda kidogo, anateleza, anarudi chini. Anapumzika, anajaribu tena. Safari hii mume wangu hakutabasamu. Aliinama mpaka nikaogopa ataanguka.

"Mama Nestory, hachezi huyo."

"Anafanya nini?"

"Amechoka. Hana pa kupandia." Kisha akasema, "Vunja."

"Nivunje nini?"

"Ukuta wangu."

Niliichukua nyundo yake, nikaugonga. Niru ikabanduka kama ganda la yai. Mawe nikayalaza majini yapande pole pole hadi kwenye udongo, bila niru, yenye kukwaruza, hayapendezi hata kidogo. Mikono ilikuwa inaniuma, nikakaa sakafuni nikaegemea kitanda.

Yule kaa alibaki chini muda mrefu. Nikaomba kimya kimya, nikaona aibu kumsumbua Mungu kwa mdudu, nikaendelea kuomba. Mwishowe akainua gando, akashika jiwe la kwanza. Akapanda kiubavu ubavu, akasimama, akapanda tena, hadi akafika kwenye udongo. Akajificha chini ya jiwe lake.

Mume wangu alimtazama hadi mwisho. Halafu akageuza macho mlangoni, kule zilipo ngazi zake. Nikasikia mkono wake mzima umeniangukia begani.

"Mwite Nestory aje aniwekee ule mteremko," akasema. "Ila asipige niru."