Kaburi Lililobaki Hifadhini

Mama yangu ni Mtongwe wa milima ya Mahale, na huko alimzika mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona. Nimebaki peke yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, mjini kando ya ziwa, bila mume wala ndugu. Mwaka huu Mama alinibana: anataka kumnyunyizia mtoto wake unga kaburini, kwa desturi yao, kabla hajafa.

Habari ya kuhama kwao huisimulia kwa ufupi. Kwanza walikuja wageni kuwatazama sokwe, wakawapandia miwa ili wawazoee. Baadaye serikali ikasema milima ilindwe, watu watoke. Babu aling'oa milango akaondoka nayo. Kaburi halibebeki.

Tulikwenda kwa boti, na mawimbi ya ziwa yakamlowesha Mama. Tulipofika alikuwa anakohoa. Askari wa hifadhi, kijana mwenye adabu kuliko nilivyotaka, alimwamkia kwanza.

"Bibi, mwenye kikohozi haruhusiwi kupanda. Sokwe wanaambukizwa mafua yetu, wanakufa."

"Mimi nimezaliwa humu."

"Najua, Bibi."

Nilitaka kumgombeza. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Mama akanikabidhi unga aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga.

"Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mchikichi," akasema. "Mwite kwa sauti, ajue ni ndugu yake."

Nikapanda na askari, barakoa usoni. Palipokuwa kijiji pamekuwa msitu mtupu. Michikichi ipo, tena mingi. Nyumba hakuna hata moja. Sasa nyuma ya nyumba ipi? Sokwe jike alipita na mtoto mgongoni, hakututupia hata jicho. Nilijiona mpweke. Nikaliita jina la kaka yangu, likaishia ndani ya barakoa. Unga sikuumwaga; sikutaka kumdanganya mtu, hata aliyekufa.

Mama alikuwa ameketi ufukweni. Aliutazama ule unga.

"Hukumwona."

"Sikumwona, Mama."

Akakohoa kidogo kidogo.

"Nilitaka kukuomba unilaze karibu naye, hata kama ni nje ya mpaka wa hifadhi," akasema. "Sasa sitaki. Nizike Mwanga, karibu nawe. Yule nilishamwacha peke yake, amezoea. Wewe hutaweza."